Padi ya Kwanza Kapewa Mchumba

Leo nimemwacha wifi yangu mtarajiwa afe mara sita, na dawa nilikuwa nayo.

Ile gemu yetu ya utotoni, ya kukimbia na kuruka mashimo, imetolewa upya. Kaka yangu Wafula akaniita kwake Donholm tuicheze. Nikatoka Tassia mbio, hata chai sikumaliza.

Nafika, mchumba wake Mueni ameshika padi ya kwanza ya kuchezea.

Ya kwanza! Mimi utoto wote sikuwahi kupewa. Nilikuwa mchezaji wa pili, kila likizo.

Nikakaa. Mueni akatumbukia shimo la hatua ya tatu. Tena. Na tena, hadi mara sita. Hapo kuna daraja lisiloonekana. Niliyeligundua ni mimi, nikiwa darasa la tatu.

Nikanywa soda yangu.

"Wifi, si unisaidie bana!" Mueni akanigeukia. "Huyu Wafula amekataa kuniambia. Ati hiyo ni siri yako, mpaka wewe mwenyewe ukubali."

Wafula akaangalia dirishani.

Jamani.

Nikamwonyesha daraja. Akavuka, akanikumbatia akipiga kelele.

Nihukumuni mnavyotaka. Lakini kwenye ngome ya hatua ya mwisho kuna mlango wa siri, na huo bado sijamwambia.