Nilitengeneza amino asidi ya nyanya, baba mkwe akadhani mimi mganga

Wakuu, nawasalimu wote, mnaolima kwa jembe na mnaolima kwa simu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Misima, Handeni, na sijatia chumvi.

Nilipeleka posa Kilole, Korogwe. Baba wa binti, Msambaa mkavu, akajibu: "Ninyi Wazigua watani wangu, kwa maneno hamjambo. Nitakuja nione shamba lenyewe. Nikikuta vumbi, binti simtoi."

Jua likawaka. Nyanya za majirani zikalala chini, zangu zikaanza kulegea.

Niliogopa, jamani. Yule binti nampenda.

Bwana shamba akanishauri amino asidi. Mmea ukipigwa na joto unatumia nguvu nyingi kujitengenezea protini. Ukiupulizia amino asidi, yaani vijenzi vya protini, zilizo tayari, unaokoa nguvu na kuvumilia. Mgonjwa humpi mahindi akatwange, unampa uji. Ila akasisitiza: maji na samadi bado ni lazima.

Nikavundika dagaa na molasi, ile shira nyeusi ya miwa, kwenye ndoo mpaka protini ya dagaa ikavunjika kuwa amino asidi. Nikachuja, nikazimua kwa maji mengi, nikapulizia asubuhi. Na kumwagilia sikuacha.

Nyanya zikasimama!

Tatizo paka. Paka wa Misima nzima walihamia shambani, wamejilaza kwenye matuta kama wana hatimiliki.

Sasa piga picha. Handeni, na sifa zetu za uganga mnazijua. Kwa wenzangu kumekauka, kwangu kijani, paka kibao, na nyuma ya nyumba ndoo iliyofunikwa inanuka.

Ndipo baba mkwe akafika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hawa paka wako?"

"Hapana baba, wanakuja wenyewe."

Jibu la hovyo kuliko yote niliyowahi kutoa.

Nikamfunulia ndoo nimweleze. Akaruka nyuma, anasoma dua.

"Baba, ni dagaa tu!"

"Nimeelewa, mwanangu, nimeelewa," akasema kwa upole wa ajabu. "Siku ya ndoa panga wewe. Sisi hatuna neno."

Nikashangilia, mpaka mchumba aliponipigia: baba ameita ukoo mzima, kawaonya mtu asithubutu kuniudhi.

Funzo: amino asidi inasaidia kweli, lakini haifufui shamba lisilo na maji. Na majirani waelezeni mapema.

Nishaurini wakuu, mzee nimwambie ukweli kabla ya ndoa au baada? Jibuni haraka, maana kesho ananiletea shangazi yake nimtazame mgongo.