Kiti cha Mathia

Harufu ya limau lililokamuliwa hunirudisha kwenye miguu ya baba yangu. Mchana wa Alhamisi Kuu alitoka shambani, akaketi nyuma ya jiko, akapaka limau kwenye magaga na kuyasugua kwa gunzi mpaka tope jeusi la mpunga likakubali kutoka. Mama alikwisha fariki, kwa hiyo alijisugua mwenyewe. Usishangae. Kigangoni kwetu, njia ya Kiberege, wanaume walioalikwa kuoshwa miguu na padre walijiosha kwanza nyumbani, maana hakuna aliyetaka kuaibika altareni.

Mwaka ule baba alikuwa mtume wa kumi na mbili. Kiti hicho kilikuwa na kisirani. Katekista aliwapanga wanaume kwa majina ya mitume, Petro mwanzo, Yuda mwisho, na aliyekalia kiti cha mwisho aliitwa Yuda hadi mpunga uvunwe. Basi kila aliyeombwa alipata safari ya ghafla ya kwenda Mlimba. Katekista alipochoka kubembeleza akaja kwetu, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kuziba mapengo. Kaburi likikosa mchimbaji, ataitwa. Jirani akiugua, atamlindia shamba.

Katekista alimwahidi baba kwamba yeye hatakuwa Yuda, atakuwa Mathia. Akaeleza jinsi mitume kumi na mmoja walivyopiga kura baada ya Yuda kufa, ikamwangukia Mathia, mtu aliyefuatana nao tangu mwanzo bila kutajwa. Akaijaza nafasi, na baada ya hapo Maandiko hayamsemi tena. Baba alisikiliza huku akipiga miayo, akasema sawa.

Mimi sikuona usawa wowote. Nilikuwa darasa la tatu, na wenzangu wa mafundisho ya komunyo walikwisha anza kuniita mtoto wa Yuda. Mathia gani, na kiti ni kilekile? Tukiwa njiani kwenda kanisani nikamsihi akatae kama wenzake. Niliona aibu.

“Agnesi, kiti kikibaki wazi, padre ataosha nini?” akaniuliza, akaendelea kutembea.

Tangu alfajiri hadi mchana ule alikuwa shambani juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, akiamia ndege wasile mpunga. Padre alipofika kwa mtume wa mwisho, baba alikuwa amelala fofofo, kidevu kifuani, mguu mkononi mwa padre, na anakoroma. Kanisa likaangua kicheko. Katekista akanyoosha mkono amwamshe, lakini padre, mzee ambaye magoti yake yenyewe yalimsumbua, akamzuia.

“Mwache,” akanong'ona. “Huyu amechoka.”

Akamwosha polepole kuliko wote, akamfuta. Mimi sikumsemesha baba mpaka Pasaka ikapita, na jina la Yuda likamganda vilevile.

Sasa nina umri wake wa wakati ule. Nalea wanangu pamoja na wa marehemu dada yangu, na kazini asipofika mtu naitwa mimi. Jioni nikivua viatu hubaki nimekaa gizani, sina hata nguvu ya kuwasha taa. Miaka yote nilidhani baba alilala kwa sababu hakuijali heshima ya kuoshwa na padre. Kumbe ile ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona amekaa huku mtu mwingine akimhudumia.