Kamba Niliyompimia Mtu Hai

Katika kazi yangu ya useremala, maiti huwa siipimi mimi. Familia ndiyo inayopima. Mtu anakuja kwenye karakana yangu hapa Ndosho, mtaa wa Goma, akiwa na kamba mkononi, imepigwa fundo huku na fundo kule, na urefu ulio kati ya mafundo mawili ndio urefu wa mtu wao. Naitundika kwenye msumari, natengeneza sanduku, na siku ya kulichukua kamba inaingia ndani pamoja na mwenyewe. Hairudi nyumbani. Ndivyo nilivyofundishwa, na miaka yote sikuwahi kuuliza kwa nini. Niliuvunja utaratibu huo mara moja tu, kwa sababu ya avansi.

Mteja alikuwa binti mmoja anayeishi Kinshasa. Mimi naweka picha za kazi zangu mtandaoni: vitanda, milango, makabati, na mwisho kabisa, kwa adabu, sanduku moja au mawili. Mtu alimrushia picha hizo. Baba yake alikuwa amelazwa hapa Goma, dereva mstaafu wa malori ya barabara ya Butembo, mjane, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyebaki mjini. Uwanja wa ndege umefungwa, kwa hiyo binti alikuwa akimuuguza baba yake kwa simu. Ujumbe wake wa sauti niliusikiliza mara mbili.

"Papa fundi, munganga amesema tujitayarishe. Muzee ni murefu sana, sitaki siku ya kumuzika nisikie walimukunja miguu. Sina mutu wa kukuletea kamba. Uende wewe mwenyewe umupime, nakuomba."

Hilo la miguu lilinigusa. Nikamwambia atangulize avansi, nusu ya bei, na nusu nyingine siku ya kuchukua. Kabla sijamaliza kikombe cha chai pesa ilikuwa imeshaingia kwenye simu. Alitaka mbao za libuyu, zile nyekundu zinazotoka upande wa Beni, na mimi kwa libuyu sijiwezi. Siku hiyohiyo nikazinunua kwa avansi yote, sikubakiza kitu. Kisha nikaenda hospitalini.

Muuguzi aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema ni mtoto wa kaka yake. Muzee alikuwa kitanda cha dirishani, amefumba macho, kinywa wazi, na nyayo zimetokeza nje ya kitanda kiasi cha shubiri nzima. Nikajifanya namtengenezea blanketi. Nikapiga fundo kwenye ncha ya kamba, nikalibana kisiginoni, nikaipitisha juu yake mpaka utosini, nikapiga fundo la pili, na kwa kuwa nilisahau kisu nikaikata kwa meno. Sikumsemesha. Hata pole sikumpa. Nilitoka mbio, mkono mfukoni.

Siku ya tano, sanduku likiwa limebakiza mkono wa mwisho wa vernis, rangi ya kung'arisha mbao, ukaingia ujumbe mwingine.

"Papa fundi, Mungu ni mukubwa. Muzee ameamuka. Aliomba uji na akamaliza sahani. Sasa naomba unirudishie ile avansi. Opitali haimuache atoke mbele tulipe, na kila siku analala pale deni iko inaongezeka."

Mtu mwenye utu angefurahi. Mimi nililitazama lile sanduku, refu, limenyooka, kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huo, na hasira ikanipanda. Nikamjibu kwa sauti, na mpaka leo natamani ujumbe ule ungepotea njiani. Nilisema avansi hairudi. Nilisema avansi imeshakuwa mbao. Nikaongeza kwamba mimi sikumtuma baba yake apone.

Kesho yake picha yangu, ile ninayocheka nimeegemea kabati, ilikuwa kwenye vikundi vyote vya wauzaji wa Goma, na chini yake binti ameandika kwamba fundi huyu wa Ndosho anakula pesa ya mgonjwa. Kufikia mchana mteja wa kitanda alikuwa ameghairi. Wa milango naye akaacha kupokea simu zangu. Mke wangu alisoma maneno yale kwa sauti, taratibu, mbele ya jirani.

"Anasema uongo," nikasema. "Pesa yake iko pale, ni ile sanduku."

"Kwa hiyo unangojea muzee akufe njo bikuwe sawa?"

"Nani amesema hivyo?"

"Miye nauliza tu," akasema, akaingia ndani.

Niliudhika kwa sababu alikuwa amekaribia sana ukweli. Pesa sikuwa nayo. Ili niipate ilinibidi niliuze sanduku kwa msiba mwingine, na lilikuwa refu mno. Nikaanza kufanya jambo la aibu. Kila asubuhi nilitega sikio. Nikisikia kilio mtaani, swali la kwanza kunijia kichwani lilikuwa: marehemu ni mrefu? Siku moja ikaja familia yenye haraka, na pesa wanayo. Wakaweka kamba yao ndani ya sanduku, wakaona pengo miguuni, wakarudi nyuma wote pamoja. Mkubwa wao akasema, "Hapana, papa. Nafasi ikibakia mule, inaita mwingine wa jamaa." Mimi mwenyewe nisingemlaza mtu wangu humo.

Siku zilikuwa zinakwenda, na kila siku moja ilikuwa deni kwa muzee. Nikaamua kurudi hospitalini. Sitajipamba: sikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kumwomba amwambie binti yake anivumilie, na aiondoe picha yangu.

Hakuwa tena kitanda cha dirishani. Walikuwa wamemhamishia kwenye chumba cha mwisho, wanakolala waliopona lakini hawajalipa. Alikuwa ameketi juu ya godoro sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele yake karibu ifike ukuta wa pili. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Alinitazama mara moja tu.

"Ni wewe ulikuyaka kunipima."

Nikakaa chini bila kukaribishwa. "Muzee, ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nasikia byote. Nilisikia kamba inapita ku mugulu, ku tumbo, ku uso. Nikasema, nikunje mugulu moja tu, huyu mutu ataona niko muzima. Mugulu ikakataa." Akajipapasa goti. "Kisha nikasikia unaikata na meno."

Nilingoja matusi. Matusi najua kuyajibu. Hayakuja, na nikainamisha kichwa kama mwanafunzi. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayofanya masikio yawe moto.

"Ile kamba iko wapi?" akauliza.

"Iko kwangu. Nimeitundika."

"Uniletee. Mambo ya pesa mutasikilizana na binti yangu. Miye kamba yangu inirudilie."

Nilirudi Ndosho kwa miguu, na kabla sijavua koti nikachukua nyundo. Kulibomoa sanduku lile kulinichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu nilikuwa nimelifunga vizuri. Mke wangu alikuja akashika upande wa pili wa mbao. Nikampigia mama mmoja wa soko la Kituku, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ambaye siku nyingi alikuwa akinisumbua nimfanyie meza ndefu. Nilimwambia wazi mbao zimetoka wapi.

"Kuna mutu alilala mule?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi leta meza yangu."

Libuyu ya Beni, nikaifanya meza ya samaki. Nililipwa chini ya bei niliyonunulia mbao, nikajaza kwa pesa ya mfukoni, nikamtumia binti avansi yake. Nilikata tu pesa ya vernis na misumari. Hiyo sikukubali kuipoteza, na hata leo nikiulizwa nitaikata. Aliandika "asante papa". Picha yangu ilikaa kule wiki mbili zaidi.

Siku ya muzee kutoka hospitalini nilikuwa langoni mapema. Muzee alikuja polepole, amevaa koti lililompwaya, na nyuma yake mwenye pikipiki amebeba mzigo wake wote: blanketi, ndani yake sufuria, sahani na kikombe. Mzigo ulikuwa unateleza kwenye kiti cha nyuma, na mpira wa kufungia ulikuwa umekatika. Nikampa muzee kamba, nimeikunja ndani ya karatasi.

Alianza na fundo la kwanza, akalifungua kwa kucha. La pili lilimshinda. Mimi mafundo yangu huwa nayakaza. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanikatalia kwa kichwa, akalitia mdomoni na kulivuta kwa meno mpaka likaachia. Kisha akainama mwenyewe, akauzungushia mzigo kamba ile mara mbili, akaifunga na kuitikisa aone kama imeshika.

Tukaagana kwa mkono. Mwenye pikipiki akawasha. Muzee akapanda nyuma yake, akakunja miguu yote miwili, wakaondoka.