Mlinzi wa Al Rigga aliyekataa wakili wa muuzaji

Saa nane mchana, lango la nyuma la hoteli moja mtaani Al Rigga, Dubai. Jua linachoma hadi lami inanata viatuni, na meneja wa jikoni amefika bila kitambulisho.

"Kitambulisho, sir," anasema Fridah Kathure, akitabasamu.

"Si unanijua!"

"Nakujua, sir. Lakini kitambulisho."

Meneja anarudi garini akinung'unika. Wahudumu wanacheka chinichini. Huyo ndiye Fridah, mama kutoka Meru, Kenya, aliye katika mwaka wake wa tano wa kazi ya ulinzi. Atakuheshimu, lakini hakupitishi kwa sura. Na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyompatia shamba.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Mama yake, anayemlelea watoto, amehamishwa mara nyingi katika nyumba za kupanga huko Makutano hadi vyombo vingine havitoi tena kwenye maboksi.

"Aliniambia, 'Fridah, nitafutie mlango ambao hakuna mtu atakuja kuugonga mwisho wa mwezi,'" anasimulia. "Siku hiyo nililia, jamani."

Mwaka jana, 2006, akatokea Gibson. Wakenya wengi hapa husali kanisani Ijumaa, siku ya mapumziko, na Gibson huketi kiti cha mbele kabisa. Ibada ikiisha, anatoa picha za mashamba ya nyumbani. Ukipenda moja, anakuunganisha na muuzaji, na wakili wa muuzaji huyo huyo anakuandikia na wewe mkataba. Khalas, imekwisha! Wengi wamenunua hivyo, maana nani atamhoji ndugu aliyemwombea mtoto wake akapona?

Fridah alipenda nusu ekari huko Kiirua. Akauliza wakili ni wa nani, wake au wa muuzaji.

"Dada Fridah, wakili ni wakili," Gibson akamjibu. "Ama huniamini?"

"Nakuamini, ndugu yangu. Lakini nitaleta wangu."

Wee! Wenzake wa kanisani walimnunia. Ijumaa kadhaa hakuna aliyemwekea kiti. Na wakili wa kujitafutia si wa bure; ada yake ilizidi mshahara wa Fridah wa mwezi, dirhamu elfu moja na mia mbili.

Jina la wakili alilipata chumbani kwake. Mercyline, anayeishi naye mtaani Al Nahda, alikuwa amemtegemea wakili wa muuzaji, akauziwa ploti iliyokuwa na mwenyewe. Anayempigania kortini sasa ni wakili mmoja wa Meru aitwaye Loise. Fridah akanunua kadi ya simu.

"Mawakili wengine niliowapigia walitaka nitume pesa kwanza," anasema. "Loise akaniambia, 'Usitume chochote. Ngoja nikalione shamba, niongee na watu wa huko.' Nikasema moyoni, huyu ndiye."

Loise alipofika Kiirua alimkuta mwanamke akipalilia maharagwe. Alikuwa Mama Ken, mke wa muuzaji. Shamba linauzwa? Ndiyo kwanza anasikia! Jembe lilimponyoka mkononi.

Fridah akajiondoa; hakutaka shamba ambalo mke wa muuzaji hajui linauzwa. Hapo ndipo palipouma, kwa sababu mama yake alikuwa ameshaanza kuwaaga majirani.

"Nilimpigia mama kumwambia asiage tena," anasema. "Nilijiona mpumbavu kabisa. Nikajiuliza, si ningenyamaza tu kama wenzangu?"

Miezi ikapita. Siku moja Loise akampigia. Mama Ken na mumewe walikuwa wamekuja ofisini kwake pamoja. Mtoto wao alikuwa anaingia sekondari, na walikuwa wamekubaliana kuuza kipande cha chini, kando ya barabara. Wanunuzi walikuwepo tele, lakini Mama Ken aliwakataa wote.

"Alisema auziwe yule msichana wa Dubai," Fridah anasema, akipangusa macho kwa mkono wa sare yake. "Eti kati ya wote waliolitaka shamba lake, ni mimi tu niliyetuma mtu akamuuliza."

Mbele ya bodi ya ardhi, inayoidhinisha mauzo ya mashamba, Mama Ken alisimama mwenyewe akasema amekubali. Hati miliki ilitoka mwezi uliopita.

Ijumaa iliyopita kinamama walimvizia Fridah nje ya kanisa wakitaka nambari ya Loise. Nyuma yao alisimama Gibson, akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kumbe naye ananunua ploti yake.

"Nilimpa," Fridah anasema, akicheka. "Ni ndugu yangu bado."

Desemba anakwenda nyumbani kujenga vyumba viwili vya kuanzia. Msingi haujachimbwa, lakini mama yake ameshachagua mlango kwa fundi, wa mbao ngumu, na ameshaamua atakayeugonga wa kwanza ni Mama Ken, aje kunywa chai.

Gari jingine linasimama langoni. Fridah ananyoosha kofia yake.

"Mama Ken," anasema, "sitamuuliza kitambulisho."