Imepona au Imenyamaza

Pikapu yangu ilikuwa inakula oili kuliko mimi ninavyokula muhogo, na mimi ni mtu wa Mgogoni, kwa muhogo sina mzaha. Ikipanda kilima ilitoa moshi wa buluu mpaka wenye baiskeli walinitukana. Fundi alisikiliza inavyogonga, akasema ringi za pistoni zimekwisha, ishushwe injini ifunguliwe yote. Au, akaongeza, nijaribu dawa ya oili kwanza.

Nikanunua kopo moja, zito kama asali, nikalimimina. Siku ya pili moshi ulipungua. Siku ya nne haikugonga tena, na pale penye mteremko nilidhani imezimika, nikashuka kuitazama. Furaha haikumaliza wiki. Shangazi yangu wa Tumbe, mchuuzi wa samaki, alikuwa ameshaniambia anataka kuinunua, mkwewe ataiendesha.

Hapo akili ikavurugika. Dini imesema wazi, bidhaa ikiwa na aibu, yaani kasoro, muuzaji aitaje. Lakini aibu iko wapi? Moshi haupo, kelele hazipo. Nikamrudia fundi.

"Imepona au imenyamaza?"

Akafuta mikono. "Inakwenda."

"Nimekuuliza imepona?"

"Weye huioni inakwenda?"

Nilimchukia siku nzima. Asubuhi nilikuwa na hakika imepona. Adhuhuri nikakumbuka kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, nikawa na hakika imenyamaza tu. Alasiri sikuwa na hakika hata ya jina langu. Mwishowe nikaiwasha, nikaenda Tumbe.

Shangazi nilimkuta kakaa barazani saa ambayo kwa kawaida yuko diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, anawagombania na wachuuzi wenzake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo hii? Mbona kimya hivi?" Aliinuka taratibu, akaweka mkono kwenye boneti.

"Nimeitia dawa."

Mkono ukatoka upesi. "Dawa ya mganga gani? Mie gari ya uganga siitaki!"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamwonyesha kopo tupu, nikamweleza yote: ringi, moshi, kwamba huenda ikadumu miaka, huenda ikamfia njiani na samaki wake ndani.

"Sijui, shangazi. Wallahi sijui."

Aliketi tena barazani. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge.

"Mie nanwa hivi vya presha, mwaka wa pili huu. Nikinwa, kichwa hakigongi. Siku n'losahau, n'lianguka pale diko, watu wakadhani n'meteleza. Haya, weye mwenye elimu, n'shapona au n'menyamaza?"

Nikauliza swali la kijinga, nani mwengine anajua.

"Weye tu. Ndo maana naitaka gari. Kichwa hichi hakibebi tena tenga."

Nilikwenda pale kutaja aibu ya gari. Sikujiandaa kwa hili. Nilimkasirikia kwa kunificha, nikajikasirikia kwa kutomuuliza hali yake miaka miwili, huku nikiisikiliza injini wiki nzima. Nikampa funguo. Nikamnyang'anya, nikiiwaza injini. Nikampa tena, nikikiwaza kichwa chake.