Nilivyojifunza albamu nzima ya jazz nikipiga pasi hotelini Diani

Wakuu, hamjambo humu? Walionizidi umri, shikamooni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipoaibika sitapaficha.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Msambweni. Nafanya kazi laundry kwenye hoteli moja hapa Diani, upande wa pasi. Mwaka wa tisa huu.

Hoteli ina bendi ndogo: kinanda, gitaa la besi na drums. Mwaka jana mwimbaji wao alipata kazi Dubai, akaondoka.

Wakati huohuo wageni wetu wa kila mwaka, mke na mume wazee, wakatuma email. Wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Waliomba siku hiyo, kwenye lunch, waimbiwe nyimbo za albamu moja ya jazz waliyoipenda tangu ujana wao. Nyimbo za mapenzi za zamani, zile wenyewe huziita standards. Mwanamke anaimba, sauti nzito, hana haraka kabisa.

Nilisikia habari hizo nikipeleka vitambaa vya meza. Nikamwendea kiongozi wa bendi, jamaa wa bara, tunamwita Kevo.

"Kaka, mimi naimba. Nipe hiyo albamu."

Akacheka. "Si wewe ni wa laundry? Hii si taarab, madam."

Ilinichoma, wakuu. Nikamwambia, "Una wiki tatu na huna mwimbaji. Nisikilize zikibaki siku tatu wageni wafike. Nikishindwa sitakusumbua tena."

Akanitumia nyimbo kwa WhatsApp. Kumi na mbili.

Nikaanza. Earphone sikio moja, pasi mkononi. Kiingereza changu ni cha hoteli, good morning na more towels, basi nikawa naandika maneno vile nilivyoyasikia. Nilichoma foronya mbili, nikakaripiwa na supervisor.

Wiki ya kwanza nikashika nne. Nikamwimbia mama. Yeye ameimba kwenye harusi za kwetu miaka mingi, Kiingereza hajui.

Akaniuliza, "Huyo mtu analilia nini?"

Sikujua.

"Sasa mwanangu, waimba nini?"

Kesho yake nikamfuata Mwanasha wa reception saa ya chakula, anieleze mstari kwa mstari. Kumbe wimbo niliokuwa nikiuimba kwa tabasamu ni wa mwanamke anayejifanya amemsahau mtu!

Nikamrudia mama na maana zote. Akaisikiliza ile albamu, macho chini. "Huyu hayakimbilii maneno," akasema. "Ayangoja."

Tukawa twafanya mazoezi pamoja jikoni, mama akinipigia mapigo juu ya meza.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Kevo akapiga kinanda, nikaingia. Mstari wa pili sauti ikanipasuka. Wapishi walikuwa mlangoni, wakaangua kicheko.

Miguu ilitaka kutoka. Nikaikataza.

"Naomba mshushe key, huko juu sauti yangu haifiki."

"Lakini kwa albamu iko hivyo," akasema Kevo.

"Albamu ni yake. Sauti ni yangu. Shusheni."

Mpiga besi akacheka, akashusha. Kevo akamfuata. Nikaimba mpaka mwisho, na wapishi hawakucheka tena.

Kevo hakunisifu. Aliuliza tu, "Unajua ngapi?"

"Zote kumi na mbili."

Siku yenyewe, wimbo wa tatu, ubeti wa pili ukanitoka kichwani wote. Nikaurudia ule wa kwanza, polepole, kana kwamba nilipanga hivyo.

Baadaye yule bibi mgeni wetu alikuja akanishika mikono. Mwanasha akanifasiria: "Anasema ubeti huo wa pili hata yeye husahau, miaka hamsini sasa." Mumewe alikuwa anajifuta macho na kitambaa nilichokipiga pasi mwenyewe.

Sasa naimba kila Jumapili mchana. Siku nyingine niko kwenye pasi.

Nilichojifunza: usingoje kuitwa. Nenda ukaombe nafasi, ukishapewa jua unachokisema, na ukizidiwa omba ibadilishwe ikufae. Si aibu.

Waliowahi kuambiwa hawawezi kwa sababu ya kazi wanayofanya, karibuni mseme yenu hapa chini.

Na anayejua Kifaransa anisaidie. Kevo ameleta albamu nyingine, neno hata moja silifahamu. Nimeshamwambia nitaiimba.