Sikio la Baba

Nina diploma ya ufundi wa magari kutoka ng'ambo, na gari nililolinunua kwa jasho langu hulia kengele kwa kila kitu. Leo, karibu na Busiu, mashariki mwa Uganda, harufu ya mpira ulioungua ilinirudisha utotoni, kwenye lori la magereza, nimeketi kando ya baba, askari magereza, akiendesha. Nyuma ya lori, wake za askari wenzake walikuwa wakiimba.

"Nyamazeni!" baba akapaza sauti.

"Afande, leo tunaimba vibaya?" mmoja akamtania, wenzake wakacheka.

"Mnaimba vizuri. Lakini sisikii gurudumu."

Walinyamaza. Baba alisikiliza kidogo, akasimamisha lori taratibu. Gurudumu la mbele lilikuwa limebaki na nati mbili, nazo zimelegea.

Alipokwisha kulifunga, aliwaambia sasa waimbe. Hakuna aliyeimba mpaka tulipofika Jinja; wote walikuwa wakisikiliza gurudumu.